Uzuri wa Kamera za Kale

Neno chombo lina maana nyingi katika Kiswahili. Jahazi ni chombo, sahani ni chombo, na randa ya seremala ni chombo vilevile. Wahenga waliosema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo walikuwa wakitazama jahazi likisukumwa juu ya magogo kwenda majini. Lakini maneno yao yanaifaa kila kazi ya mikono, kwa kuwa hapana kazi iendayo bila ya zana. Wahenga hao hao walisema pia kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hizi mbili zaonekana kupingana. Ya kwanza yaitukuza zana, na ya pili yamcheka mtu aishughulikiaye zana kuliko kazi. Nataka kuzipima methali hizi kwa kutazama zana moja tu, nayo ni kamera ya filamu ya zamani pamoja na lenzi yake.

Huenda mwanafunzi akauliza, ‘Yawezekanaje kuhakiki kamera? Uhakiki ni wa mashairi na hadithi.’ Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni fupi. Kila kitu kilichobuniwa na mtu kimejaa uchaguzi. Mshairi huchagua neno moja akaliacha jingine. Mbunifu wa kamera huchagua mahali pa kuweka gurudumu, uzito wa bamba la shaba, na umbo la ukingo utakaogusa kiganja. Penye uchaguzi pana busara au upungufu wa busara, na penye hayo mawili mhakiki ana kazi. Mtu asiyeweza kueleza kwa nini zana fulani ni njema ataishi maisha yake yote akinunua sifa za matangazo badala ya sifa za vitu.

Kabla ya kuhukumu ni lazima tujue kamera hutakiwa kufanya nini. Kamera yoyote ni sanduku lenye giza. Mbele kuna lenzi iingizayo mwanga, nyuma kuna filamu ipokeayo mwanga huo, na kati yake kuna pazia lifungukalo kwa muda mfupi likajifunga tena. Mpiga picha ana maamuzi matatu. La kwanza ni umbali, yaani ni kitu gani kitakachoonekana kwa ukali katika picha. La pili ni ukubwa wa tundu la lenzi. La tatu ni muda wa pazia kuwa wazi, ambao huwa sehemu ndogo ya sekunde, kama vile 1/60, 1/250 au 1/1000.

Tundu la lenzi huandikwa kwa namba ambazo humtatiza mwanafunzi siku ya kwanza: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ikikua, tundu hupungua. Hapana uchawi katika jambo hili, kwa sababu namba hizo ni hesabu ya kugawanya. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa katika namba 4, tundu lake lina upana wa milimita 12.5, ikiwekwa katika namba 8, upana ni milimita 6.25. Kila hatua moja kuelekea namba kubwa hupunguza mwanga kwa nusu. Tundu likiwa dogo, vitu vya karibu na vya mbali huonekana kwa ukali pamoja. Likiwa kubwa, kitu kimoja hubaki dhahiri na vingine huyeyuka katika ukungu. Basi mpiga picha hachagui mwanga tu. Huchagua pia kipi kitajwe na kipi kinyamaziwe, kama mwandishi afanyavyo.

Maamuzi haya matatu huweza kutakiwa kwa kufumba na kufumbua. Mtoto hucheka, ndege huruka, mzee huinua mkono kuaga. Mkono ukilazimika kulitafuta gurudumu, kicheko kimekwisha kupita. Ndiyo sababu umbo la kamera si pambo. Nitaipima kila kamera kwa sifa tatu. Sifa ya kwanza ni utii: je, mkono unaifikia kazi bila ya kupapasa? Ya pili ni ukweli: je, jicho linaonyeshwa kitu kile kile kitakachoingia katika filamu? Ya tatu ni kiasi: je, kuna kitu kilichozidi, au kilichopungua?

Tuanze na Leica. Katika mji wa Wetzlar, nchini Ujerumani, kilikuwapo kiwanda cha Ernst Leitz kilichojulikana kwa hadubini zake. Mwaka 1911 alijiunga nacho fundi mitambo aitwaye Oskar Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879. Barnack alipenda kupiga picha, lakini alikuwa na maradhi ya pumu. Kamera za wakati ule zilikuwa masanduku makubwa yaliyobebwa pamoja na bamba za kioo na miguu mitatu ya kusimamishia, na kupanda nazo kilima kulimchosha mtu mwenye pumzi fupi. Akawaza kutumia filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35. Picha moja ya sinema ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza filamu ubavu akaunganisha nafasi za picha mbili, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho kilichozaliwa na haja ya mtu mmoja mgonjwa kilikuja kuwa kipimo cha dunia nzima.

Kamera yake ya kwanza ya majaribio ilikuwa tayari mwaka 1914, lakini vita vikaja na kazi ikasimama. Mwaka 1924, nchi ikiwa katika dhiki ya uchumi, mwenye kiwanda aliamua kwamba kamera hiyo itengenezwe na kuuzwa, ingawa hapana aliyejua kama kutakuwa na wanunuzi. Ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, ikaitwa Leica kwa kuunganisha mianzo ya maneno mawili: Leitz na kamera.

Tazama busara iliyomo katika chombo kile kidogo. Gurudumu moja lilipozungushwa, filamu ilisogea mbele na pazia likategwa kwa tendo lilo hilo. Kamera nyingi za zamani ziliyaacha matendo hayo mawili mbalimbali, na mpiga picha msahaulifu aliweza kupiga picha mbili juu ya kipande kimoja cha filamu. Barnack hakumhubiria mtu awe mwangalifu; aliutengeneza mtambo usioruhusu kosa lile. Lenzi yake ya Elmar, iliyopigiwa hesabu na Max Berek, ilisukumwa ikaingia ndani ya kamera baada ya kazi, hata chombo kizima kikatosha katika mfuko wa koti. Ncha za kamera zilikuwa za mviringo, zisiumize kiganja wala kunasa nguo. Kwa sifa ya kiasi, Leica ya mwaka 1925 ni kama shairi fupi lisilo na neno la kujazia mizani.

Kwa sifa ya ukweli, hata hivyo, ilikuwa na pengo. Haikuwa na njia ya kupimia umbali ndani yake, na mpiga picha alikisia au alitumia kipimo cha pembeni. Pengo hili lilizibwa mwaka 1932 katika Leica ya pili, na likazibwa kwa uzuri zaidi katika Leica M3, iliyotolewa mwaka 1954, miaka 18 baada ya Barnack kufariki. Atazamaye katika dirisha la M3 huona katikati pana kijisehemu chenye picha mbili za kitu kimoja. Akizungusha lenzi, picha hizo husogeleana. Zikikutana na kuwa moja, umbali ni sawasawa. Jicho haliulizwi swali la kukisia kama ukali unatosha au hautoshi. Huulizwa swali jepesi: je, ni mbili au ni moja?

Dirisha la M3 lina sifa nyingine iliyo kubwa zaidi. Mpaka wa picha huchorwa humo kwa mistari ya mwanga, na nje ya mistari jicho huendelea kuona. Mpiga picha humwona mpita njia kabla hajaingia katika picha, akamngoja afike mahali pake. Tena dirisha halizibiki wakati wa kupiga. Jicho huishuhudia nukta ile ile inayonaswa. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alianza kutumia Leica mwanzoni mwa miaka ya 1930, akajulikana kwa ustadi wa kuingoja nukta moja ambayo mwendo wa watu na umbo la mahali hupatana. Ustadi ulikuwa wake, lakini kamera ndogo yenye sauti ya chini haikumzuia.

Mhakiki mwadilifu hataki kuifanya M3 sanamu ya kuabudiwa. Ili kutia filamu, kifuniko cha chini huondolewa chote, na mwenye kamera, mikono yake ikiwa imejaa, aghalabu hukishikilia kwa meno. Kwa lenzi zake za kawaida haiwezi kukikaribia kitu sana. Haina kipimo cha mwanga ndani yake. Dirisha lake, kwa kuwa liko kando ya lenzi, halionyeshi ukungu wa vitu vya nyuma utakavyokuwa katika picha. Hizi ni kasoro za kweli. Waliosema kwamba kifuniko kile ni sehemu ya heshima ya Leica wanaongea kama mtu anayesifu chongo ya mpenzi wake.

Kamera ya pili ni Rolleiflex, iliyotolewa mwaka 1929 na Franke & Heidecke wa mji wa Braunschweig, pia nchini Ujerumani. Ina lenzi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya chini hupiga picha. Ya juu hupeleka taswira kwenye kioo kinachoielekeza juu, ikatua katika kioo cha ukungu kilichopo kipaani mwa kamera. Mpiga picha huishika kifuani au kiunoni, akainamisha kichwa, akaitazama dunia ikiwa imetandazwa chini ya macho yake kama ukurasa. Picha yake ni ya mraba, upande mmoja kiasi cha sentimita 6, na utepe mmoja wa kawaida hutoa picha 12.

Utii wa Rolleiflex ni wa namna yake. Magurudumu mawili madogo yaliyo kati ya lenzi huweka tundu na muda, na namba zake husomwa katika kijidirisha kilicho juu, bila ya kuigeuza kamera. Katika ile iliyoitwa Automat, ya mwaka 1937, mtambo wenyewe huutambua mwanzo wa filamu. Hendeli iliyo ubavuni ikizungushwa mbele husogeza filamu, na ikirudishwa nyuma hutega pazia. Mkono wa kulia wafanya hili, mkono wa kushoto waweka umbali. Hapana mkono uliolala, wala hapana mkono uliolemewa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo si la mitambo, nalo lastahili kufikiriwa na kila mtu apigaye picha za watu. Kamera iwekwayo jichoni humficha mpiga picha uso wake na kumwelekezea mwenziwe kitu kama silaha. Mwenye Rolleiflex huinama. Mtu anayepigwa picha huuona uso wa mwenziwe, na mara nyingi husahau kamera iliyo chini. Vivyo hivyo, kwa kuwa lenzi iko kwenye kimo cha kiuno, mtoto huonekana katika kimo chake mwenyewe, wala hatazamwi kwa juu kama kitu kilichoanguka. Umbo la sanduku lile limebeba adabu, hata kama waliolibuni walikuwa wakifikiria vioo na skrubu tu.

Mfano wa haya twaupata kwa Vivian Maier, yaya aliyelea watoto wa watu katika mji wa Chicago. Alitembea mitaani na Rolleiflex yake tangu miaka ya 1950, akapiga picha zaidi ya 100,000, na karibu zote hakumwonyesha mtu. Mwaka 2007 mali yake iliyokuwa imehifadhiwa ghalani iliuzwa kwa mnada, na ndipo kazi yake ilipoanza kujulikana. Yeye alifariki mwaka 2009. Katika picha zake nyingi watu wametulia mbele yake. Sina shaka kwamba utulivu ule ulitokana na tabia yake, lakini kamera aliyoichagua iliisaidia tabia hiyo.

Rolleiflex nayo ina deni lake. Katika kioo chake kushoto huwa kulia. Mtoto akikimbia kuelekea kulia, taswira yake hukimbilia kushoto, na mpiga picha asiyezoea humfuata kwa upande usio wake. Lenzi hazibadilishwi. Kwa sifa ya ukweli, basi, inasema kweli kuhusu sura na uongo kuhusu mwendo. Ni kamera ya vitu vilivyotulia na watu waliokubali; mchezo wa mpira haukuwa shamba lake.

Kamera ya tatu yatoka Japani. Kwa miaka mingi watu wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba lenzi njema ni ya Kijerumani tu. Mwaka 1950 mpiga picha wa gazeti la Life, Mmarekani David Douglas Duncan, alizijaribu lenzi za Nikkor huko Tokyo, akaona ukali wake, akazitumia katika vita vya Korea vilivyoanza mwaka huo. Sifa za lenzi hizo zikaenea. Hapa pana funzo kwa mhakiki: hakuuliza jina wala kabila la chombo, alizitazama picha.

Mwaka 1959 kiwanda hicho cha Japani kilitoa Nikon F. Katika kamera hii mpiga picha hutazama kwa kupitia lenzi ile ile ipigayo picha. Kioo kilicho nyuma ya lenzi huipeleka taswira juu, na mche wa kioo huigeuza isimame wima, kushoto kubaki kushoto. Kioo hicho huinuka wakati wa kupiga, kikashuka tena mara moja. Kwa sifa ya ukweli ilizipita zile mbili, kwani hata lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, au lenzi ya kukaribia ua, humwonyesha mtazamaji kile kile kitakachoingia katika filamu. Lenzi huingizwa, huzungushwa kidogo, ikajifunga. Na umbo la mdomo ule wa mwaka 1959 liliendelea kutumiwa katika kamera za kiwanda hicho kwa zaidi ya miaka 60.

Kila faida ina bei yake. Kioo kikiinuka, dirisha huwa giza. Mwenye Nikon F haioni nukta ile anayoipiga. Huona kabla yake na baada yake. Kioo hicho pia hupiga kelele ambayo Leica haikuwa nayo. Kifyatuo kimewekwa nyuma mno, hata kidole cha shahada hulazimika kujikunja kukitafuta, na mgongo wa kamera huondolewa wote wakati wa kutia filamu. Waliitengeneza iwe imara, na ikawa imara. Walioitumia vitani na viwanja vya michezo hawakuilalamikia kwa hilo. Lakini ukiitia mkononi baada ya M3 utaona tofauti ya nyundo na kalamu. Nyundo si aibu. Kila moja ina msumari wake au karatasi yake.

Tumesema habari za masanduku. Sasa tuseme habari za macho yake. Mwaka 1902 Paul Rudolph, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, alibuni lenzi iliyoitwa Tessar. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nne, kwani ina vioo vinne tu, na viwili kati ya hivyo vimegandishwa pamoja. Kwa vioo hivyo vinne ilitoa picha kali kiasi cha kuitwa jicho la tai, ikaingia katika kamera nyingi, zikiwamo Rolleiflex kadha wa kadha.

Kwa nini uchache wa vioo ulikuwa fadhila? Kila mahali hewa na kioo zinapokutana, karibu sehemu 5 katika 100 za mwanga hurudishwa nyuma. Tessar ina nyuso sita za namna hiyo, na kwa hesabu hiyo hupoteza karibu robo ya mwanga wake. Mwanga uliorudishwa hauendi zake. Hutangatanga ndani ya lenzi, ukaangukia filamu mahali pasipo pake, ukaitia picha utando kama vumbi la unga. Rudolph huyo huyo alikuwa amebuni mwaka 1896 lenzi nyingine, Planar, iliyokuwa bora kwa hesabu lakini yenye nyuso nane, na utando huo uliisumbua. Wazo zuri likalazwa.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanasayansi wa Zeiss, alipata njia ya kuzipaka nyuso za lenzi tabaka jembamba mno lipitishalo mwanga na kupunguza kurudishwa kwake. Planar ikaamka usingizini, na miaka ya 1950 ikawekwa katika Rolleiflex zilizo bora. Tazama jinsi wahenga walivyosema kweli. Lenzi ilikuwa chombo chema tangu mwaka 1896, lakini ilikaa pwani kwa takriban miaka 40 ikingoja nyenzo.

Maelezo haya yatukinge na ugonjwa wa siku hizi, wa kusifu kila upungufu wa lenzi ya kale kwa kuuita roho. Pembe za picha zilizofifia, na utando unaotokea jua likiwa mbele, ni mambo ambayo wabunifu walikesha wakiyapiga vita. Msanii anaweza kuyatumia kwa makusudi, kama mwimbaji anavyoweza kuitumia sauti iliyokwaruza. Lakini kusema kwamba kasoro ni fadhila kwa sababu tu ina umri ni kumdhulumu Rudolph na Smakula, ambao walijua walichokitaka.

Sasa methali ya jembe yagonga mlango. Mwezi wa Juni 2022, huko Wetzlar, Leica ya majaribio namba 105, iliyokuwa mali ya Barnack mwenyewe, iliuzwa mnadani kwa euro milioni 14.4. Ni kumbukumbu yenye heshima, na makumbusho yana haja ya kumbukumbu. Lakini ni vigumu kudhani kwamba kamera ya bei hiyo itapelekwa sokoni kupiga picha ya muuza ndizi. Kuna watu wengi wenye vyumba vilivyojaa kamera ambao hawana picha moja ya maana. Hao ndio wachagua majembe.

Upande wa pili wa mizani tuweke kamera iliyo duni kuliko zote. Mwaka 1900 Kodak ya Marekani ilianza kuuza Brownie kwa dola moja. Ilikuwa sanduku la kawaida lenye lenzi nyepesi na karibu hapana cha kuchagua. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie iliyokwisha kutumika. Mtoto yule alikuwa mmoja wa wapiga picha wa habari mashuhuri wa Afrika. Picha zake za sinema za njaa ya Ethiopia, za mwaka 1984, ziliwafanya watu wa nchi nyingi watoe msaada. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Ngazija. Brownie haikumfanya awe mpiga picha, wala haikumzuia.

Je, basi habari yote ya magurudumu na vioo ni upuuzi? Sivyo. Amin hakubaki na Brownie. Kazi ilipokua alitafuta zana iliyoiweza kazi. Methali ya jembe haimcheki mkulima anayelijua jembe lake, akajua mpini upi unafaa udongo wa mfinyanzi na upi unafaa kichanga. Yamcheka anayechagua asubuhi hadi jioni na shamba likabaki na magugu. Methali ya chombo yasema zana ni lazima. Methali ya jembe yasema zana haitoshi. Hazipingani. Ni kingo mbili za mto mmoja.

Leo kijana hupiga picha kwa simu, na simu hiyo huweka umbali na muda bila ya kumwuliza. Si haki kuidharau. Imempa mkulima na mvuvi uwezo ambao zamani ulikuwa wa wenye mali, na picha yake hufika ng’ambo kabla filamu haijatolewa katika kamera. Lakini maamuzi yale bado yanafanywa, yamefichwa tu. Kamera za kale ziliyaweka nje, yakachongwa kwa namba juu ya shaba, mahali ambapo kidole hugusa na jicho husoma. Aliyeishika Leica au Rolleiflex alijua ni kwa nini picha yake ilitoka vile, iwe njema au mbaya. Na kwa kuwa utepe ulikuwa na picha 36, au 12, alilazimika kuuliza kabla ya kufyatua kama kilicho mbele yake kinastahili. Hapana betri hata moja iliyohitajiwa katika M3, Rolleiflex ya Automat, au Nikon F ya kwanza ili zipige picha. Lakini fikira zilihitajiwa kila mara.

Hiyo ndiyo sababu nasema kwamba kamera hizi ni nzuri, wala si kwa umri wake au kwa bei yake. Ni nzuri kwa kuwa zilimheshimu mtumiaji kiasi cha kumwachia uamuzi, kisha zikautii. Mwanafunzi asiye na kamera ya kale anaweza kuyafanyia mazoezi maswali yale matatu leo hii, kwa baiskeli, kwa cherehani ya mama, au kwa jembe lililoegemezwa ukutani. Je, chatii mkono? Je, chasema kweli? Je, kina kilichozidi au kilichopungua? Akiisha kujibu, na akichukue chombo hicho aende nacho kazini, kwani jawabu lililo kamili hupatikana huko.